Prof Aliyetembeza Picha

Ukitaka kumjua Prof, ilikupasa kutazama kaseti zake mpaka mwisho kabisa, pale ambapo watu wamekwisha kusimama na kutafuta viatu vyao. Baada ya keki, baada ya ngoma, baada ya bibi arusi kupanda gari, televisheni iligeuka nyeusi na maandishi meupe yakaanza kupanda polepole. Wapiga video wengine wa Kisangani waliweka hapo jina la studio na maneno ya baraka. Prof aliweka maungamo. Kaseti moja ninayoikumbuka iliandikwa hivi: "Katika filamu hii anga limebadilishwa, kwa sababu siku ile mvua ilinyesha. Mbuzi aliyepita mbele ya padri ameondolewa. Tonton wa bwana arusi alikuwa amelewa. Ameondolewa pia, kwa ombi la familia."

Tonton huyo, mjomba wa bwana arusi, alimfuata Prof studioni keshoye asubuhi, akiwa hajalewa, jambo ambalo lilitutisha zaidi.

"Prof, ulinitosha, ulinitoa mu picha. Bon. Mimi na weye hatuna maneno. Lakini juu ya nini uliandika?"

"Tonton, nilikutosha mu picha, sikuweza kukutosha mu arusi. Ulikuwa pale."

Walibishana hadi saa sita, wakaishia kula mihogo pamoja. Hivyo ndivyo Prof alivyokuwa. Kazi yake yote ilikuwa kufanya kitu kionekane kama hakikuwa hivyo, na roho yake yote ilikuwa haiwezi kuuvumilia uongo hata wa kipimo cha kijiko. Sijawahi kuona mtu aliyejitafutia taabu kwa bidii kama yeye.

Tulimwita Prof kwa sababu alikuwa amefundisha hesabu kwenye shule ya sekondari, na kwetu mwalimu wa sekondari ni prof mpaka kufa, hata akiuza mafuta ya mawese. Vita vilipoingia na mishahara ikakatika, alihamia kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, hapa mtaa wa Makiso, akaanza kutengeneza video za arusi, ubatizo na matanga. Kompyuta yake ilikuja kwa ndege kutoka mashariki, imefichwa katikati ya magunia ya chumvi ya baba yangu. Baba alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, wa chumvi, sabuni na vitenge, na siku zile mto ulipofungwa kila kitu kilipita angani. Kompyuta ilifika na chumvi kwenye matundu yake. Prof aliifungua skrubu kwa skrubu, akaisafisha kwa brashi ya viatu, akaiwasha, ikawaka. Tangu siku hiyo akawa anaisifia chumvi ya baba kwamba ni kavu.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wake. Nilikuwa nimesoma daktilo, yaani kupiga taipu, kwa masista, na Prof alipiga kwa vidole viwili, akiitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano kitandani. Lakini nisijifanye kwamba nilikaa pale kwa ajili ya kazi tu. Nilikaa kwa sababu nilikuwa nataka mume. Nasema wazi, sina haya tena, nina wajukuu wawili. Sikumtaka Prof, la hasha; Prof alikuwa na bibi mkali na watoto sita. Niliyemtaka, ambaye naye tulikuwa tumeahidiana, alikuwa Kinshasa. Alikuwa mtoto wa wavuvi wa Wagenia, pale kwenye maporomoko, na alikuwa amepanda boti kwenda kumalizia masomo ya uuguzi miezi michache kabla ya vita. Kisha nchi ikakatwa vipande viwili, yeye upande ule, mimi upande huu, na boti hazikushuka tena. Wakati huohuo mfanyabiashara mmoja wa kahawa, mtu mzima mwenye tumbo, alianza kuja kwetu kila Jumapili baada ya misa na kreti ya soda. Kila soda niliyoinywa niliiona inanikaba. Studioni ndiko nilikokuwa nakimbilia.

Kazi yenyewe niieleze kidogo, maana bila hiyo Prof haeleweki. Video si kitu kimoja. Ni picha ishirini na tano kwa kila sekunde, zinazopita upesi. Ukitaka jina la bibi arusi litoke pembeni liingie katikati, huna haja ya kuliweka kwa mkono kwenye kila picha. Unaiambia mashine: kwenye picha hii liko hapa, kwenye picha ile liko pale, na yenyewe inajaza zilizo katikati. Wafaransa wanaziita picha hizo za kushikia images clés. Prof aliziita nguzo, akifikiria zile nguzo ambazo Wagenia wanazisimamisha majini na kuzifungia mitego yao.

"Mwanzo uko nao, mwisho uko nao," alikuwa akisema. "Kazi iko katikati."

Mashine ilikuwa na njia zake tayari za kujaza katikati, lakini Prof hakuziamini. Alisema zinafanya kila kitu kitembee kama kimepakwa sabuni. Kwa hiyo aliandika mistari yake mwenyewe ya amri, mahesabu matupu, kwenye daftari la mirabaraba, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ubao, nami nikayapiga kwenye dirisha dogo la programu. Mistari ile iliieleza mashine, picha baada ya picha, kitu kianze taratibu kiasi gani, kikimbie wapi, kipunguze mwendo lini. Nikikosea nukta moja, jina la bibi arusi liliruka nje ya skrini kama panzi. Prof hakuwahi kunigombeza. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Mashine iko mutumishi muaminifu. Inafanya ile ulisema, haifanye ile ulitaka."

Ili kuyapata mahesabu yake alikuwa akiwatembeza watu. Alichora alama mbili za chaki barabarani mbele ya duka la dawa, akamsimamisha yeyote aliyepita, mwuza kwanga za mihogo, mwendesha toleka aliyeshuka kwenye baiskeli yake, hata askari mmoja mwenye bunduki, akawaomba watoke alama hii waende ile, huku yeye akipiga kamera. Baadaye alihesabu picha. Aligundua kwamba mtu aliyebeba maji hasimami ghafla, bali anapunguza mwendo hatua tatu kabla. Aligundua kwamba mtu mwenye njaa anaanza upesi na kuishia polepole. Askari alikataa kuhesabiwa, lakini siku ya pili alirudi peke yake kuuliza ametembeaje.

"Unatembea kama mutu hajalala," Prof akamwambia.

Yule kijana akasema ni kweli, akaketi, akalala kwenye benchi letu mpaka mchana.

Adui mkubwa wa Prof hakuwa jeshi lolote. Alikuwa fundi cherehani wa chumba cha pili na pasi yake ya umeme. Mashine ilipokuwa inajaza picha, kazi ambayo sisi tuliiita kupika, ilichukua saa nyingi, na umeme wetu ulikuwa dhaifu. Fundi akichomeka pasi, kompyuta ilizimika na upishi wote ukamwagika. Prof alimwomba, alimwandikia barua, alimpelekea kuku. Mwishowe alianza kupiga kengele ya shule aliyoiiba, samahani, aliyoihifadhi kutoka shuleni kwake: kengele ya kwanza maana yake tunapika, ya pili maana yake piga pasi zako. Mtaa mzima ukapanga maisha yake kwa kengele hiyo, na kina mama waliifuata hata kwa kuchemsha maharage.

Zilipokuja zile siku za mabomu, majeshi mawili ya kigeni yakipigania mji ambao haukuwa wa lolote kati yao, tulilala chini ya vitanda, tukanywa maji ya mvua. Prof aliifungua kompyuta, akatoa diski, akaizungushia kitenge cha bibi yake, akaizika kwenye gunia la makala, makaa ya kupikia. Bibi yake hajamsamehe kuhusu kitenge kile. Risasi zilipotulia na watu wakatoka kuwatafuta watu wao, yeye alitafuta watoto wake sita kwanza, akawahesabu mara mbili, kisha akaja kwetu kuuliza kama mimi na baba tuko hai, kisha ndipo akaenda kwenye makala. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu kuna waliosema aliipenda mashine kuliko watu.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Baada ya mabomu, wazazi wa mwanamume wangu waliamua kuja kuniposa wao wenyewe. Walitoka kwenye maporomoko wamevaa vizuri, wameleta samaki wakubwa wa kubebwa na watu wawili, na katikati yao wamebeba picha ya mtoto wao kwenye fremu. Waliketi sebuleni kwetu. Baba alinyamaza. Aliyesema alikuwa papa mkubwa, kaka yake baba, mzee mwenye sauti ya kanisani.

"Samaki iko muzuri, tunasema aksanti. Lakini hii ni karatasi. Mwanaume anaingiaka na mulango, na miguu yake, anafika mpaka kwenye kiti tunamupatia. Siku hii photo itatembea, tutamupa musichana."

Watu walicheka. Wazazi wale waliifunga fremu yao kwenye kitambaa. Jumapili iliyofuata mtu wa kahawa alikuja na kreti mbili badala ya moja.

Nilikwenda studioni nimevimba macho. Prof alisikiliza yote mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Alisema vile mbele ya batu?"

"Mbele ya bote, Prof."

"Na papa yako alikuwa pale?"

"Alikuwa. Alinyamaza."

"Bon. Mukubwa ametoa mulango, ametoa na kiti. Iko mwanzo, iko mwisho." Akavuta daftari lake. "Donc, basi, tunabakiza katikati."

Nilidhani ananitania. Lakini alikwenda kabatini akatoa kaseti ya arusi ya binamu yake mchumba wangu, aliyoipiga mwenyewe kabla ya vita. Tuliizungusha mbele na nyuma, na kumbe alikuwemo. Alionekana sekunde chache tu, anatembea amebeba kreti ya bia kwa mikono miwili, anainama, anaiweka chini, anasimama, anatabasamu kwa mtu ambaye haonekani. Niliweka mkono kwenye kioo cha televisheni. Prof alitoka nje, akasema anakwenda kuangalia mvua. Jua lilikuwa linawaka.

Alikuja kwetu na kamera kuomba kupiga sebule. Baba alisema neno la mkubwa halianguki chini, apige. Nikaketi upande wa mlango. Pembeni yangu tukaweka kiti kitupu, na baada ya kiti akaketi mama. Prof alituambia tusijitikise. Mama alijitahidi, isipokuwa nzi mmoja alimjia puani akatikisa kichwa kidogo. Prof alisema haidhuru.

Kisha ikaanza kazi ambayo sijawahi kuona mfano wake. Alimkata mwanamume yule kutoka kwenye arusi ya binamu yake, picha moja moja, kwa kipanya, akizunguka masikio na vidole. Kreti alijaribu kuiondoa, lakini bila kreti mikono ilibaki imenyooshwa mbele kama ya mtu anayetembea gizani. "Umwache nayo," nikasema. "Mkono mtupu haulambwi." Akacheka, akaiacha. Wiki tatu zilipita. Akamweka juu ya sebule yetu, akazirudia zile hatua chache alizokuwa nazo ili zitoshe safari nzima, na kuanzia hapo akawa anaandika mistari ya kumtoa mlangoni kumleta kitini.

Mara ya kwanza aliteleza kama pirogi juu ya maji. Mara ya pili alianza vizuri, akasimama ghafla kama aliyegonga ukuta. Prof alirudi barabarani na chaki yake, akatafuta watu wenye mzigo wa uzito wa kreti. Alinitembeza mimi mwenyewe na karai la sabuni. Mwishowe aliandika mkunjo mmoja laini uliopita kwenye nguzo zote: mlangoni, katikati ya mkeka, kwenye kiti, na nguzo ya mwisho palepale kwenye kiti, ya kusimamia wakati anainama kuweka kreti. Nilipiga mistari yote, neno kwa neno. Tuliijaribu hadi alipofika kitini, na alifika kama mtu, nakuapia, alifika kama mtu aliyechoka na safari. Umeme ukakatika kabla ya kuona kipande cha mwisho. Siku ambayo wazee walikuwa wamealikwa kuitazama filamu ilikuwa keshokutwa. Prof alipiga kengele, akapika yote kwa mkupuo mmoja, akaihamishia kwenye kaseti, tukaenda.

Sebule ilijaa. Wazazi wa maporomoko upande huu, watu wetu upande ule, papa mkubwa mbele kabisa, na mtu wa kahawa naye alikuwapo, amealikwa na nani sijui. Prof alisimama nyuma ya televisheni kama mtu anayesubiri hukumu. Kwenye picha mlango ukaonekana, na mwanamume wangu akaingia. Mama yake alipiga kelele. Akatembea kwenye mkeka wetu na kreti yake, mbele ya kabati letu, akanipita, akafika kwenye kiti.

Hakusimama. Alikipita kiti. Akaenda mpaka mbele ya mama yangu, akainama pale, na mama kwenye picha akatikisa kichwa. Kisha akarudi nyumanyuma kidogo mpaka kwenye kiti, na kreti ikamfuata yenyewe sakafuni.

Moyo wangu ulikufa. Nilimtazama Prof, alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Halafu papa mkubwa akajipiga mapajani kwa mikono miwili.

"Mumeona? Mumeona ile? Anapita kiti! Anaenda kusalimia bokilo, mama mukwe yake, kwanza, ndipo anarudia kiti! Batoto wa leo nani anafanyaka vile?"

"Na kreti?" mtu mmoja akauliza.

"Ameivuta na muguu."

Sebule ililipuka. Wazee wa maporomoko walisimama kushikana mikono na wazee wetu. Mama yangu, ambaye alijua kabisa kwamba aliyemtikisisha kichwa ni nzi, alianza kulia kwa furaha. Mtu wa kahawa alitafuta kofia yake. Baba alingoja kelele zipungue, akasema, "Mukubwa alitoa neno. Photo imetembea." Mwisho wa kaseti maandishi yakapanda na kusema kwamba bwana arusi yuko Kinshasa, na kreti ya bia ni ya arusi ya binamu yake. Hakuna aliyesoma.

Nilimkimbilia Prof getini.

"Ile ni kosa," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Nguzo mbili za mwisho ziko pahali pamoja, na sikuambia mashine abakie pale. Mukunjo ukajipinda, ukamusukuma mbele, ukamurudisha. Kosa ya mutoto wa mwaka wa kwanza. Na sikuiandika kwenye liste ya mwisho wa kaseti. Lazima nirudie ndani niseme."

"Prof, nakuomba. Nakuomba kwa jina la watoto wako."

"Bazee wamekupatia bwana juu ya kosa."

"Basi niachie kosa yangu."

Alinitazama bila kusema ndiyo wala hapana. Akapanda baiskeli yake, akaenda. Nilichukua kimya chake kuwa ahadi.

Nikawa mke wa mtu asiyekuwapo. Nilihamia kwa wakwe zangu karibu na maji, nikajifunza kusafisha samaki na kutwanga lituma ya ndizi mpaka mikono ikaota sugu. Mto ulipofunguliwa, mume wangu alikuja na boti mojawapo ya mwanzo, amekonda, ana mvi mbili ambazo hazikuwa kwenye kaseti. Tulimwonyesha filamu. Akauliza, "Ile kreti niliikunywa na nani?" Tumeishi vizuri. Ameniudhi mara nyingi, kama waume wote, lakini sijajuta siku hata moja.

Aliyenilemea alikuwa baba. Kila mgeni akija, baba alisimulia: "Mukwe yangu huyu alipita kiti, akaenda kusalimia mama kwanza." Alisimulia akinitazama mimi. Nami niliinuka nikaenda jikoni. Niliona nimeiba baraka ya mzee mwaminifu, aliyeheshimu neno la kaka yake, na sasa anazeeka akijisifia uongo ambao niliupiga kwa vidole vyangu mwenyewe. Kwa hiyo nilipunguza kwenda. Nilituma samaki. Nilituma watoto. Mimi mwenyewe nilikuwa na kazi kila mara, na njia kutoka maporomoko hadi Makiso ikawa ndefu kuliko ilivyo. Mama alinilaumu. Baba aliwauliza tu watoto kama sijambo.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Sikulia. Watu waliniona mkavu kanisani, mkavu kaburini, wakasemezana.

Siku ya tatu ya matanga, mchana, nilikuwa napanga sahani uani, nikamwona Prof anaingia kwa kusaidiwa na fimbo. Studio ilikwisha kufa zamani. Siku hizi wanauza kadi za simu mle. Yeye alikuwa amerudi kufundisha mpaka macho yalipokataa. Nilimpa kiti, nikampigia magoti, maana nilikuwa sijamwona kwa miaka.

"Mama," akaniambia, "papa yako alinikataza kusema mpaka akufe. Sasa amekufa. Nimekuja kumaliza liste."

Sikuelewa.

"Ile siku ya filamu, sikulala. Asubuhi nilirudia kwa papa yako, kwenye dépôt ya mizigo yake, nikamuambia yote. Nguzo, mukunjo, kosa. Nikamuambia bwana wa mutoto yako hakusalimia mutu."

Nilikaa chini, palepale kwenye sakafu, na sahani mkononi.

"Prof, nilikuomba."

"Uliniomba. Nilikuwa nimekusaliti, ni kweli. Unisamehe. Lakini sikia ile alijibu. Alicheka. Aliniambia: 'Prof, mimi nauza mizigo tangu ujana. Kreti haitembeake peke yake. Niliona pale pale.'"

"Aliona?"

"Aliona kuliko bote. Akaniambia: 'Miezi mitatu niko natafuta namna ya kukubali, na kaka yangu amenifungia mulango. Weye umenifungulia, sasa unakuja kuufunga tena? Ikaa chini, kunywa chai.'"

Prof alifuta miwani yake, ambayo haikumsaidia tena.

"Nilimuuliza, basi nimuambie mutoto? Akasema hapana. Akasema: 'Niko na mabinti bane bado ku nyumba. Wakijua papa yao iko na roho laini vile, kila moja atanileta mwanaume wa karatasi.' Akaniapisha mpaka kufa kwake. Kila mara tukikutana aliniambia, Prof, ile hadithi ya bokilo ninaisimulia mbele ya mutoto yangu kila akikuja, apate kujua ninafurahi. Lakini anaenda jikoni. Aliniuliza juu ya nini unaendaka jikoni."

Mimi nilijua kwa nini. Nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka wanawake wakatoka jikoni na mume wangu akaacha viti alivyokuwa amebeba. Prof alinishika bega.

Mama akaja, akainama mbele yangu. "Iko nini? Mutu tulimuzika tangu juzi."

"Namulilia Papa," nikamwambia.

Akaichukua sahani mkononi mwangu, akaiweka pembeni.

"Umechelewa," akasema. "Lakini lia, mutoto yangu. Lia tu."